Changarawe iko Rabai, taabu iko Makupa

Ukisimama Bandari ya Kale, pale Mji wa Kale, maji unayoyaona mbele yako si ya bahari peke yake. Mkono huu wa bahari hupita chini ya Daraja la Nyali, ukaingia Tudor na kuishia kwenye mikoko, na huko juu hupokea mito miwili ya msimu, Kombeni na Tsalu, inayoteremka kutoka pande za Rabai na Mariakani. Mvua ikinyesha barani, maji yake huja hadi mlangoni petu. Bonde la mto, basi, tunalo. Ajabu ni kwamba wengi wetu tumezaliwa na kukulia Kisiwani bila kulipanda hata siku moja.

Nimelikumbuka bonde hilo kwa sababu ya baiskeli. Miaka hii umeenea ulimwenguni mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye barabara za vumbi na changarawe, mbali na magari. Baiskeli yenyewe iko katikati ya zile mbili tunazozijua. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli ya mashindano, lakini tairi zake ni pana, kwa kawaida kati ya milimita 35 na 50, na hazijazwi upepo hadi zikawa ngumu kama jiwe. Hapo ndipo siri ilipo. Tairi jembamba lililojaa upepo likikutana na jiwe huruka, na mwendeshaji akaruka nalo. Tairi pana lenye upepo wa kadiri hubonyea, likalikumbatia jiwe na kupita. Gia zake nazo ni nyepesi, ili mtu apande kilima akiwa amekaa.

Ukitaka kujua kwa nini watu wanausifu mchezo huu, tazama Ufaransa. Kandokando ya mto Loire kuna njia ya baiskeli ya takriban kilomita 900, inayopita mashamba, vijiji na makasri mpaka baharini. Kwengineko wametumia kingo za mifereji, ambako zamani farasi walivuta mashua, na reli zilizokufa zikang'olewa mataruma. Tangu 2004 sheria yao ya barabara inazitambua njia za namna hiyo, ambazo gari haliruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 na mjukuu wake wanaweza kutoka asubuhi wakiwa na mkate kwenye kikapu, na hakuna anayewaombea dua ya kurudi salama.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race zilifanyika kwa mara ya kwanza huku kwetu Kenya, katika nchi ya Maasai Mara: siku 4, kiasi cha kilomita 650 za vumbi na mawe. Waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda wa kikosi cha Team Amani walishindana na wageni waliozoea mbio kubwa. Nahodha wao, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mbioni huko Vermont, Marekani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tukiusifu mchezo, tukumbuke pia kwamba kuteremka changarawe kwa kasi si jambo la mzaha. Mwenda pole hajikwai.

Sasa turudi kwetu. Ukifika Mazeras, kule yanakotoka mawe bapa tunayotandaza nyuani, unaiacha barabara kuu ya Nairobi na kukata kulia kuelekea Rabai. Barabara yenyewe ni ya lami, lakini pembeni mwake vijia vya udongo vinaingia mashambani, kwenye minazi, miembe na mikorosho, vikishuka mabondeni na kupanda tena. Huko ndiko Johannes Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann, walikoweka kituo chao mwaka 1846. Huko pia ziko kaya za Rabai, Ribe na Kambe, ambazo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Changarawe, mabonde, historia, madafu ya kukata kiu: vyote hivi viko umbali wa kama kilomita 25 kutoka Ngome ya Yesu.

Tatizo ni hizo kilomita za kufikia huko. Kutoka Kisiwani lazima upite Makupa, Changamwe, Kwa Jomvu na Miritini, ukigawana lami na malori ya makontena, matatu, tuktuk na bodaboda. Lori likikupita karibu, upepo wake pekee unatosha kukuyumbisha. Mzazi gani mwenye akili timamu atamruhusu mwanawe?

Na hapa jambo linaacha kuwa la starehe. Njia hiyo tayari ina waendesha baiskeli, kila siku, alfajiri na magharibi. Hawana kofia ngumu wala nguo za mchezo. Ni fundi wa uashi anayekwenda kazini, mlinzi anayerudi kutoka zamu ya usiku, muuza mkate na kreti lake nyuma. Wanapanda baiskeli kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula chakula cha nyumbani. Njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo wa zege, ambayo lori haliwezi kuipanda, ingemlinda huyo kwanza. Kijana wa Kibokoni anayetaka kwenda kutembea Rabai siku ya Jumapili angefaidika baadaye.

Wanaohusika si mmoja. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, njia za mitaa ni za kaunti, na Rabai yenyewe iko Kaunti ya Kilifi. Ndiyo maana kila mmoja huweza kumnyooshea mwenzake kidole. Sisi wananchi tunapoitwa kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu barabara, huwa tunauliza juu ya lami na taa. Tuulize pia: mwenye baiskeli atapita wapi?

Kwa anayetaka kuonja bonde hilo kabla ya njia kujengwa, ushauri wangu ni huu. Pakia baiskeli kwenye pikapu hadi Mazeras, uanzie hapo. Toka baada ya sala ya alfajiri, urudi kabla jua halijawa kali. Epuka siku za masika, maana udongo ule ukilowa hunata kwenye tairi mpaka gurudumu likagoma. Huhitaji baiskeli ya bei kubwa: ya mtumba yenye tairi pana, breki nzima na cheni iliyotiwa mafuta inatosha. Beba tyubu ya akiba, pampu na maji, na usiende peke yako. Ukipita vijijini, punguza mwendo na utoe salamu, kwani unapita kwenye nyua za watu. Na kaya si uwanja wa mchezo. Usiingie bila idhini ya wazee, na ukiruhusiwa, baiskeli ibaki nje.

Wazee wetu hawakuwa na lami, lakini walikuwa na njia. Krapf na wenzake walipokwenda Rabai walipanda mashua hapa Kisiwani, wakafuata mkono wa bahari mpaka mwisho wa maji, kisha wakapanda vilima kwa miguu. Leo tuna madaraja na barabara pana, na bado mtu mwenye baiskeli anavuka Makupa akisoma shahada. Bonde la Kombeni halijahama. Tulichokosa ni ukanda wa mita 2 pembeni mwa barabara, na mtu wa kuudai.