Chango lisilosikia dawa huenda likahitaji upasuaji wa matundu madogo

Na MWANDISHI WETU

MSICHANA wa Kombani akilia kwa maumivu makali ya hedhi, aghalabu huambiwa ni chango tu, na kwamba litaisha akiolewa na kuzaa. Ushauri huo unaweza kumgharimu.

Maumivu ya kawaida hutulia kwa dawa kama ibuprofen. Yasipotulia, na yakizidi mwezi baada ya mwezi, huenda kuna sababu iliyojificha.

Mojawapo, ambayo ni nadra, ni kasoro ya maumbile. Mfuko wa uzazi hutokana na mirija miwili inayoungana mtoto akiwa tumboni mwa mamake. Mara chache mrija mmoja hudumaa ukawa kama pembe iliyozibwa. Msichana akivunja ungo, damu ya upande mzima hutoka, lakini ya ndani ya pembe hukwama na kurundikana. Kwa kuwa hedhi yake yaonekana, hakuna anayeshuku kitu.

Isitoshe, mimba ikitunga humo, pembe hiyo yaweza kupasuka na kuhatarisha maisha ya mama. Picha za ultrasaundi na MRI husaidia kuitambua. Dokezo moja ni kwamba wakati mwingine figo ya upande huo huwa haipo.

Sababu nyingine ni endometriosisi, ambapo chembe zinazofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Ugonjwa huu si wa nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria unapata mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Kilicho nadra ni kufika kifuani, kama ulivyompata mtangazaji Jahmby Koikai, ambaye mapafu yake yalinywea mara kwa mara. Alifanyiwa upasuaji Atlanta, Marekani, mwaka wa 2018. Alifariki Nairobi Juni 2024.

Zamani tumbo lilipasuliwa wazi. Siku hizi daktari hutoboa matundu madogo, baadhi yakiwa ya milimita 5 tu, akajaza gesi tumboni na kuingiza kamera kupitia kitovuni. Akitazama skrini, huondoa pembe iliyozibwa au chembe zilizoota. Kidonda ni kidogo na mgonjwa hupona haraka.

Hata hivyo, si kila maumivu yanahitaji kisu. Utumbo au mkojo unaweza kujeruhiwa njia yake, na endometriosisi yaweza kurejea.

Kombani ni njia panda. Barabara moja yapanda Kwale mjini, nyingine yaelekea Ukunda hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni, na ya tatu Likoni, ambako mgonjwa huvuka feri kwenda Coast General, Mombasa. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa umeandika tarehe za maumivu na dawa zilizoshindwa. Omba ultrasaundi, kisha barua ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake.

Mzazi, binti anayekosa shule kila mwezi hadeki. Mpeleke hospitali.