Gari Lile Lile, Bei Mbalimbali

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa Dar es Salaam. Ukutani amebandika picha ya gari jekundu aina ya Ferrari. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaniuliza: "Anko, wanasema gari hili Dubai ni nafuu, lakini Singapore halishikiki. Si linatoka kiwanda kimoja?" Kabla sijajibu, mwalimu mmoja mstaafu akadakia: "Na mimi niambieni kwa nini kigari changu kimekwama bandarini." Nikaona hayo maswali mawili kumbe ni swali moja.

Ni kweli, Ferrari hutengenezwa Maranello, Italia. Tofauti kubwa ya bei huanza gari linapovuka mpaka. Hapo hukutana na ushuru wa forodha, halafu ushuru wa bidhaa au wa usajili, kisha kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Tukumbuke jambo moja: mara nyingi kodi hizi hupandana mgongoni. Ya pili hutozwa juu ya bei ambayo tayari imebeba ya kwanza, na ya tatu juu ya zote mbili.

Tuanzie Dubai. Nchi za Ghuba zilikubaliana mwaka 2003 kutoza ushuru wa forodha wa pamoja wa asilimia 5. Mwaka 2018 Falme za Kiarabu zikaongeza VAT ya asilimia 5. Gari lililofika bandarini kwa dola 200,000 linakuwa 210,000, kisha 220,500. Basi, limekwisha.

Singapore ni kisiwa kidogo, na serikali yake haitaki barabara zizibe. Chukua gari la thamani ya dola 200,000 za nchi hiyo. Ushuru wa asilimia 20 ni dola 40,000. Kodi ya mauzo ya asilimia 9 inaongeza 21,600. Halafu inakuja ada ya usajili, ambayo tangu mwaka 2023 hupanda ngazi kwa ngazi: asilimia 100 kwa dola 20,000 za kwanza, hadi asilimia 320 kwa thamani inayozidi dola 80,000. Kwa gari letu ada hiyo ni dola 520,000. Jumla 781,600, na bado hujapata kibali cha kumiliki gari. Kibali hicho, kilichoanza mwaka 1990, hudumu miaka 10 na huuzwa kwa mnada. Oktoba 2023 kile cha magari makubwa kilifika dola 150,001.

Denmark nayo, hadi mwaka 2015, ilikuwa na kiwango cha juu cha usajili cha asilimia 180, mbali na VAT ya asilimia 25. Siku hizi kiwango cha juu ni asilimia 150.

Marekani kwa miaka mingi ilitoza magari madogo ya nje asilimia 2.5 tu. Aprili 2025 ikaongeza asilimia 25. Ferrari ikatangaza kwamba baadhi ya magari yake yatapanda bei kwa hadi asilimia 10. Baadaye mwaka huo huo, kwa makubaliano na Umoja wa Ulaya, kiwango kikashushwa hadi asilimia 15. Hapo pana funzo. Wanasiasa husema ushuru unalipwa na nchi inayouza, lakini anayeulipa forodhani ni yule anayeingiza mali. Baada ya hapo, muuzaji na mnunuzi hugawana maumivu.

Sasa turudi nyumbani. Kwa viwango vilivyotumika Tanzania miaka ya karibuni, gari jipya lenye injini inayozidi sisi 2,000 hulipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, na VAT asilimia 18. Ukizipandanisha, kila shilingi 100 ya gari inazaa kodi ya shilingi 62, bila kuhesabu tozo nyingine ndogo. Ferrari ingelipa hivyo hivyo.

Na kigari cha mwalimu? Kina sisi 1,500, lakini kimepita miaka 10. Tuseme thamani yake ni shilingi milioni 8. Forodha milioni 2. Ushuru wa bidhaa asilimia 5, na wa uchakavu asilimia 30, jumla milioni 3.5. VAT milioni 2.43. Kodi yote ni shilingi 7,930,000. Kwa kila shilingi 100, analipa 99! Na thamani yenyewe hupangwa na Mamlaka ya Mapato kwa orodha yake. Risiti ya muuzaji siyo inayoamua.

Nikamwuliza: "Mwalimu, hukupiga hesabu?" Akajibu taratibu: "Nilipiga ya bei, mwanangu. Ya kodi sikuipiga. Na hesabu ndilo somo nililofundisha miaka thelathini." Mafao yake yamekwisha, na tozo ya kuhifadhi gari inaongezeka kila kukicha.

Sisemi ushuru wa uchakavu ufutwe. Una sababu: moshi, ajali, na nchi kugeuzwa jalala la vyuma vya wenzetu. Lakini kodi ya anasa iitwe ya anasa. Singapore ngazi hupanda kwa thamani ya gari. Kwetu hupanda kwa ukubwa wa injini na kuishia asilimia 10. Hivyo tajiri mwenye gari jipya la mbio anapumua, na mstaafu anatota jasho. Wabunge wetu walitazame hilo bajeti ijayo.

Nawe msikilizaji, kabla hujatuma hata senti ng'ambo, uliza kodi kwanza, bei baadaye. Hadi juma lijalo, kwaherini.