Kivu: Watetezi wa haki za raia waheshimiane kwanza wao kwa wao

Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Uvira: katika miji hii yote ya mashariki mwa Congo, vijana wameshika mabango barabarani wakidai maji, usalama na viongozi wanaosikiliza raia. Vuguvugu la Lucha lilizaliwa Goma mwaka 2012. Tangu wakati huo wasichana wameandamana, wamepigwa na kufungwa sawa na kaka zao. Lakini kuna swali ambalo mashirika ya raia hayapendi kulisema kwa sauti: msichana anayekimbizwa na polisi barabarani, je, anakuwa salama akifika kwenye mkutano wa wenzake?

Usumbufu ndani ya kikundi hauanzi kila mara na jeuri kubwa. Unaanza na maneno juu ya mwili wa mtu, simu za usiku zisizohusu kazi, ao mkubwa anayeahidi safari ya mafunzo kwa sharti la siri. Wakati mwingine ni matusi ya kabila. Wakati mwingine ni kumwita mwenzako msaliti katika kikundi cha WhatsApp, bila ushahidi wowote. Katika eneo la vita, neno hilo moja linaweza kumuua mtu.

Sababu za kunyamaza zinajulikana. Mtu anaambiwa: « Ukisema, adui zetu watafurahi. » Anaogopa kwamba wafadhili watakimbia ao kwamba jina la vuguvugu litachafuka. Tena, pale ambapo wote wanaitwa sawa na hakuna mkubwa rasmi, hakuna anayejua malalamiko yapelekwe kwa nani. Ni kama mganga asiyejiganga.

Mashariki mwa inchi yetu imekwisha kuona bei ya kimya hicho. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, wanawake walisema kwamba watu waliokuja kusaidia waliwaomba ngono ili wawape kazi ao wasiwafukuze. Ripoti ya tume huru, iliyotolewa mwezi wa tisa 2021, ilihesabu watuhumiwa 83. Kati yao, 21 walikuwa wafanyakazi wa OMS, shirika la afya la ulimwengu. Kuvaa fulana ya msaada hakumfanyi mtu kuwa mwema.

Sheria iko. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inaadhibu usumbufu wa kingono kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12, na inamtaja wazi yule anayetumia mamlaka ya cheo chake. Kwa kosa hili, mashtaka hayaanzi bila mwenye kuumizwa kulalamika. Ndiyo maana kumzuia asilalamike ni kumfungia mlango wa haki. Sheria ya pili ya siku ileile, namba 06/019, inakataza kuzima kesi ya jeuri ya kingono kwa kulipa faini. Nayo sheria ya mwezi wa sita 2023 juu ya watetezi wa haki za binadamu inazungumzia ulinzi wao pamoja na wajibu wao.

Lakini kikundi hakipashwi kungojea tribinali. Kuna mambo yanayowezekana leo, hata bila feza nyingi:

- Kuandika kanuni fupi, kwa Kiswahili, inayosema ni tabia gani hazikubaliki. Kila memba aisome na kuitia sahihi siku anapoingia.
- Kuchagua watu wawili wa kupokea malalamiko, mwanamke na mwanaume, na angalau mmoja asiwe katika kamati ya uongozi.
- Kufanya mikutano mchana, na kupanga namna wote watakavyorudi nyumbani kama giza limeingia.
- Kumwondoa mtuhumiwa kwa muda kwenye kazi inayomkutanisha na mlalamikaji, hata kama ndiye mwanzilishi wa kikundi.
- Kusikiliza pande zote mbili kwa siri. Kumwaibisha mtu mbele ya watu kabla ya kuchunguza si haki, vilevile kumlazimisha aliyeumia kupatana juu ya umoja.

Jambo hili lina haraka zaidi sasa. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, wanaharakati wengi wamekimbia makwao. Mtu aliye mbali na jamaa, anayelala kwa mwenzake na kula kwa mkono wa mwenzake, hana nguvu ya kukataa. Anayemkaribisha mkimbizi nyumbani kwake ajue kwamba hilo si deni la kulipwa kwa mwili.

Kama kumetokea ubakaji, aliyetendewa afike hospitalini mbele ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asingojee mkutano wa kamati. Kazi ya wenzake siku hiyo ni kumsindikiza, kulinda siri yake, na kumwachia yeye mwenyewe uamuzi wa kushitaki.