Snorkeli ni pua ya motere, si pua yako



Kwenye kazi munaona motokari zenye tiyo nyeusi inayopanda kando ya kioo cha mbele mpaka karibu na paa. Jina lake ni snorkeli. Watu wengi wanawaza kwamba motokari yenye tiyo ile inaweza kuvuka maji yoyote. Wazo hilo linaweza kuua.

Neno lenyewe ni la Wajerumani, na katika maneno ya mikoa yao lilikuwa jina la pua. Kabla ya vita ya 1940, Waholanzi walikuwa na manowari zinazokwenda chini ya maji zikivuta hewa kwa tiyo ndefu. Wajerumani walikamata baadhi ya manowari hizo mwaka 1940, na mwaka 1944 manowari zao nyingi zilikuwa na tiyo hiyo. Baadaye jina likaenea. Waogeleaji walilipa kitiyo chao cha mdomoni, ambacho Wafaransa wanaita tuba. Mwaka 1958 wazima-moto wa Chicago waliita hivyo motokari yao yenye mkono wa kuinua watu.

Kazi ya snorkeli ya motokari ni moja: kupatia motere hewa ya juu. Hewa ya juu ina mavumbi kidogo kuliko ile ya karibu na magurudumu. Tena maji yakifika kwenye mlango, hayaingii motere kwa haraka. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu maji hayakandamiziki kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda, motere inavunjika.

Lakini snorkeli haiongezi uzito wa motokari wala haishiki magurudumu chini. Maji yenye mwendo ya santimita 30 tu yanaweza kuinua motokari ndogo. Yakifika santimita 60, yanasukuma hata motokari kubwa. Motere itakuwa inapumua vizuri, na wewe unachukuliwa na mto.

Wakati wa mvua, shofere afanye hivi:
1. Asimame mbele ya maji. Kama maji yanakimbia, au haoni chini, asivuke.
2. Asubiri maji yapungue, au apite njia nyingine.
3. Ajulishe shefu wake.

Na mavumbi? Snorkeli haisafishi hewa ya shofere. Funga vioo, vaa kinyago chako, na filtre ya motere isafishwe kama kawaida.

Hatari nyingine: mtu anaingia ndani ya maji, au ndani ya shimo lenye hewa mbaya, akipumua kwa mpira mrefu. Tupige hesabu. Mpira wa metre 2, wenye upana wa ndani wa santimita 2, unabeba zaidi ya nusu litre ya hewa. Pumzi moja ya mtu aliyetulia ni karibu nusu litre. Basi hewa aliyotoa inabaki ndani ya mpira, naye anairudisha kifuani. Hewa mpya haimfikii. Tena chini ya maji metre 1, kifua cha santimita mraba 1,000 kinabanwa na kilo 100. Ndiyo maana kitiyo cha muogeleaji hakipiti sana santimita 40.

Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate na mpira. Ita waokoaji wenye vyombo vya kupumulia. Ukimfuata, watakuta watu wawili wa kutoa.