Hesabu ya Wiki: Masomo ya Ziada, Michezo na Mfuko wa Nyumba

Viongozi wa vikundi, tafadhali hakikisheni kila mtu amekaa mahali anapoweza kusikia, na kila kikundi kina karatasi na kalamu, maana leo tutapiga hesabu. Asiyejua kuandika asione haya. Achukue punje za mahindi na aweke chini punje moja kwa kila shilingi 100. Mwisho wa somo rundo lake litamwambia jambo lile lile litakaloandikwa katika karatasi.

Leo twataka kuzungumza juu ya fedha zinazotoka nyumbani kila wiki kwa ajili ya masomo ya ziada na michezo ya watoto.

Katika Tanzania, ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001. Mwaka 2016 ada ikaondolewa pia katika sekondari, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika Kidato cha Tano na cha Sita. Nafuu hiyo ni kubwa. Lakini mwulize mzazi ye yote wa mjini, atakuambia kwamba fedha za mtoto bado zatoka, ila zatoka kwa mlango mwingine. Kuna twisheni ya jioni. Kuna madrasa, au mafundisho ya kanisani na kwaya. Kuna timu ya mpira, na wengine wana karate au kompyuta. Kila kimoja chataka kidogo. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, na kwa njia hiyo hiyo haba na haba hukimaliza kibaba kilichojaa.

Kwa nini tuhesabu kwa wiki? Wengi wetu hatupati mshahara wa mwezi. Fundi, mama lishe, mwendesha bodaboda, wote hupata leo na kutumia leo. Hesabu ya siku moja hudanganya, maana shilingi 500 haimtishi mtu. Hesabu ya mwaka ni ndefu, watu huichoka kabla ya kuimaliza. Wiki ina siku za shule na siku za mapumziko, na kila gharama ya mtoto hupita humo.

Sasa tuchukue mfano. Baba ni seremala, mama anauza maandazi. Kwa pamoja hupata shilingi 90,000 kwa wiki. Wana watoto watatu. Binti mkubwa yuko darasa la mwisho la shule ya msingi. Wa pili, mvulana, yuko Darasa la Nne. Kitindamimba yuko Darasa la Kwanza. Andikeni.

Twisheni ya jioni kwa watoto wawili wakubwa ni shilingi 500 kila mmoja kwa siku, siku tano. Jumla 5,000. Binti ana twisheni ya Jumamosi, shilingi 1,000. Madrasa kwa watoto watatu, shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki, ni 3,000. Mpira wa mvulana, Jumamosi na Jumapili, shilingi 1,000 kila siku, ni 2,000. Jumlisheni. Mmepata shilingi 11,000.

Wengi huishia hapo. Lakini kila ada ina wafuasi wake. Mvulana hupanda daladala kwenda uwanjani, shilingi 200 kwenda na 200 kurudi. Kwa siku mbili ni 800. Binti hununua karatasi za majaribio zilizotolewa kopi, 1,000 kwa wiki. Watoto wawili wa twisheni hupewa shilingi 200 kila siku za kununua kitafunio, na kwa siku tano ni 2,000. Halafu kuna viatu na jezi vya mpira, shilingi 20,000 kwa mwaka. Tukizigawa kwa wiki 40 ambazo mtoto hucheza, ni 500 kwa wiki. Jumla ya wafuasi ni 4,300.

Basi 11,000 na 4,300 ni 15,300. Katika kila shilingi 100 zinazoingia nyumbani, 17 zimekwenda huko. Kwa wiki 40 ni shilingi 612,000. Mwenye punje za mahindi atazame rundo lake, lina punje 153 za wiki moja tu.

Tazameni pia nani hulipa. Mara nyingi baba hujua twisheni ya kila siku, yaani zile 5,000, kwa sababu ndizo zinazoombwa mbele yake asubuhi. Nauli, kopi na kitafunio hutoka katika ndoo ya maandazi. Baba asema watoto wamtumia 5,000. Mama ashangaa mtaji waenda wapi. Ugomvi wa namna hii hauishi mpaka wote wawili wakae mbele ya karatasi moja.

Hesabu ya pili ni ya kila mtoto peke yake. Binti atumia shilingi 6,500. Mvulana atumia 7,800. Kitindamimba 1,000. Kutofautiana si kosa, maana mahitaji yao si sawa. Lakini ulizeni hivi: wiki ambayo fedha zimepungua, nani huambiwa abaki nyumbani kwanza? Katika nyumba nyingi ni binti, kwa kuwa kuna maandazi ya kuchoma na mdogo wa kuangalia. Naye ndiye aliye karibu na mtihani. Mzazi anayepunguza bila kuhesabu hupunguza kwa mazoea, na mazoea yetu mara nyingi humwonea mtoto wa kike.

Hesabu ya tatu ni ya saa, maana mtoto naye ana mfuko wake wa nguvu. Akitoka shule aende twisheni, akitoka huko aende madrasa, kisha afanye kazi za shule na kulala saa 5 usiku, halafu aamke saa 11 alfajiri, amelala saa 6 tu. Madaktari husema mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Mtoto anayesinzia darasani asubuhi hupoteza lile somo lisilo na ada, na jioni mzazi hulilipia. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja mapumziko pamoja na afya, elimu na makazi miongoni mwa haki za mtoto kwa wazazi wake.

Je, tufute kila kitu? La. Mwaka 1969, wakati wa Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba kupanga ni kuchagua, na masomo ya redio kwa vikundi yakapewa jina hilo hilo. Neno hilo lafaa kwa taifa na lafaa kwa nyumba ya seremala. Kwa kila gharama ulizeni maswali matatu. Mtoto apata nini hasa? Je, chaweza kupatikana kwa bei ndogo au bure? Na tukikilipa, tunaacha nini?

Turudi kwenye mfano wetu. Kitafunio: mama anauza maandazi, na watoto wapewa fedha wakanunue maandazi ya mtu mwingine! Wafungiwe ya nyumbani. Unga na mafuta vina gharama, lakini andazi lililobaki jioni lingeuzwa kwa hasara. Hapo tuseme 2,000 zimepona. Kopi: wazazi wanne wa mtaa mmoja wanunue karatasi kwa zamu, na watoto waandike majibu katika madaftari. Kila nyumba italipa 250 mahali pa 1,000, zimepona 750. Twisheni ya mvulana: daftari lake laonyesha ana shida ya Hisabati tu. Aende siku mbili badala ya tano, zimepona 1,500. Jumla ni shilingi 4,250 kwa wiki, na kwa wiki 40 ni shilingi 170,000.

Angalieni, mpira hatukuugusa, wala twisheni ya binti. Wazazi wengi hukata mchezo kwanza, wakidhani mchezo ni upuuzi. Mvulana huyu ana saa chache tu za kukimbia kwa wiki. Kama nauli itazidi, yafaa kuuliza kwanza juu ya michezo ya shuleni, ile inayowapeleka watoto kwenye mashindano ya UMITASHUMTA. Hapo hakuna daladala ya kila Jumamosi.

Na zile 170,000 ni za nini? Binti akichaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, ada hakuna. Lakini sare, viatu, begi, madaftari, na godoro kama ni shule ya bweni, havitoki hewani. Itakuwa huzuni kumlipia mtoto twisheni mwaka mzima, afaulu, kisha achelewe kuripoti kwa kukosa sare. Fedha hizo ziwekwe mbali na mtaji wa maandazi, katika kikoba au upatu wa watu waaminifu, na zitajwe jina lake: fedha za Januari.

Liko jambo moja la kusema kwa upole lakini wazi. Pengine mwalimu wa jioni ndiye yule yule wa asubuhi. Wako walimu wengi wanaojitoa kwa moyo, na darasa lenye watoto wengi mno humshinda hata aliye hodari. Lakini mzazi akiona kwamba somo la asubuhi laachwa kusudi ili liuzwe jioni, asinung'unike njiani. Apeleke neno katika mkutano wa wazazi au kwa kamati ya shule, pamoja na wenzake, wakiwa na madaftari ya watoto mkononi. Asiyekuwa na shilingi 500 naye ana mtoto katika darasa lile.

Mwisho, waambieni watoto. Mtoto wa Darasa la Nne aweza kuelewa kwamba siku tatu za twisheni zimeondolewa ili dada yake apate sare. Akishirikishwa, atalinda mpango. Akifichwa, ataona ameonewa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Kila mmoja ataje gharama moja ya mtoto ambayo haimo katika ada. Kikundi kiikadirie kwa wiki.

2. Fedha zikipungua nyumbani kwako, mtoto yupi husimamishwa kwanza, na kwa sababu gani?

3. Katika mtaa wenu, ni jambo gani ambalo kila nyumba hulipa peke yake, na mngeweza kulilipa kwa pamoja?

Kazi ya nyumbani: kuanzia Jumatatu, baba na mama waandike kila shilingi itokayo kwa ajili ya masomo ya ziada na michezo ya watoto. Jumapili jioni waisome karatasi hiyo pamoja. Mje nayo katika somo lijalo. Kwa herini.