Shingo Isiyomeza Sauti

Msafiri ashukaye Gare du Nord, ile stesheni ya Brussels yenye mnara wa saa, akapita uwanja wa Rogier kwa miguu, haoni taabu kuifikia Hoteli Plaza, ambamo mwezi wa Januari 1960, wajumbe wa Kongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru wa nchi yao, Joseph Kabasele na jamaa zake wa African Jazz walipiga Indépendance Cha Cha. Lakini Kongo imeipa Ulaya zaidi ya rumba: imeipa na wenge, mti wa rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, uliowapa jina wanamuziki wa Wenge Musica wa Kinshasa, ambao sasa umo hatarini kutoweka, nao ni azizi kwa mafundi waundao magitaa ya besi kwa kuagizwa na mpigaji mmoja mmoja.

Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, nusu ya uzi mnene wa gitaa la kawaida. Na ili sauti ishuke kiasi hicho pasipo uzi kulegea kama kamba ya kuanikia nguo, Leo Fender, alipotoa besi yake mwaka 1951, aliurefusha hadi inchi 34 na kuunenepesha. Nyuzi nne zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, na shingo nayo, kama ubao wo wote, ina mtetemo wake wa asili. Noti ikisadifu kulingana na mtetemo huo, shingo huitika, huunyang'anya uzi nguvu zake, na sauti hufa upesi ilhali noti jirani zingali zikivuma.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na kwa maoni yangu ndipo fedha ya mnunuzi iendako kwa haki, wala si katika nakshi za kiwiliwili. Fundi hupasua wenge mabamba membamba, akayaunganisha kwa gundi, nyuzinyuzi za moja zikikabiliana na za jirani yake, ili bamba moja likitaka kupinda lizuiwe na mwenziwe, kisha akatia fimbo ya chuma ndani. Shingo huzidi ukakamavu, na ile aibu ya noti kufa upesi, ambayo haina dawa kamili, huhamia mahali vidole visipopitapita. Kwa hiyo ni heri fundi aulize kwanza mteja wake hupiga muziki gani.

Mnunuzi mjuzi, kabla hajafungua mkoba, huupiga uzi mwembamba karibu na kituo cha tano hadi cha saba cha shingo, noti kwa noti, akisikiliza ni ipi itakayotangulia kunyamaza.