Fungu la karata linalokula mali ya mpinzani

Vijana wengi waliorejea nyumbani kutoka Ulaya na Marekani wamekuja na mchezo wa karata ambao wazee hawauelewi. Unaitwa Magic: The Gathering. Uliobuni ni Mmarekani Richard Garfield, na kampuni ya Wizards of the Coast ilianza kuuuza mwaka 1993. Katika karata tulizozizoea, wote hugawiwa kutoka pakiti moja ya karata 52. Katika mchezo huu kila mtu huja na fungu lake, alilolinunua na kulipanga mwenyewe.

Hapo ndipo mwenye fedha anapomzidi asiye nazo. Karata moja adimu inaweza kuwa na bei ya gunia la mchele, wakati nyingine huuzwa kwa senti chache. Mpwa wangu, aliyerejea kutoka Kanada na karata za bei ya chini tu, alichapwa na wenzake mpaka akataka kuacha. Nilimshauri kwamba kama hatuwezi kununua karata zao, basi tuzitumie hizo hizo zikiwa mezani.

Mchezaji wa bao hatashangaa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete zinazoliwa hazitupwi nje: mlaji huzipanda upande wake na kuzigeuza kuwa jeshi lake. Garfield naye aliliweka wazo kama hilo tangu mwanzo. Katika toleo la kwanza la 1993 ilikuwamo karata ya buluu iitwayo Control Magic, inayomfanya kiumbe wa mpinzani akutii wewe.

Sisi tulichagua mtindo uitwao Commander, ambao kwa kawaida huchezwa na watu wanne. Kila mmoja ana karata 100, jemadari wake akiwa miongoni mwao. Ukiacha ardhi za kawaida, hakuna karata inayoruhusiwa kujirudia. Rangi za jemadari ndizo zinazoamua rangi za fungu zima.

Jemadari wetu ni Gonti, Lord of Luxury, karata nyeusi ya mwaka 2016. Anapoingia mezani, unatazama karata nne za juu katika rundo la mpinzani, unaficha moja, na tatu zilizobaki zinakwenda chini ya rundo. Hiyo uliyoificha unaweza kuicheza baadaye, na unailipia kwa mana ya aina yoyote uliyo nayo. Hata Gonti akifa, haki hiyo haipotei.

Kazi yetu basi ilikuwa kumfanya Gonti aingie mara nyingi. Conjurer's Closet ya mwaka 2012 humtoa na kumrudisha kila mwisho wa zamu yetu, na kila akirudi anachukua karata nyingine. Beacon of Unrest ya 2004 hufufua kiumbe kutoka makaburi ya mchezaji yeyote, akatumikia upande wetu.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: jemadari mmoja, ardhi 37, karata 10 za kuongeza mana, 20 za kuua viumbe, 20 za kuchukua mali ya wengine na 12 za kuvuta karata zaidi. Zile za kuua zina faida mbili, kwani zinatulinda na pia zinajaza makaburi tunayokwenda kufufua.

Hata hivyo, fungu hili lina udhaifu wake. Wapinzani wakiwa na karata dhaifu, nasi tunachukua udhaifu. Jambo la pili huwauma wengi: kwa kanuni, mwenye karata ni yule aliyeanza nayo mchezo, hata kama sasa inakutumikia wewe. Mchezaji akishindwa na kutoka, karata zake zote hutoka pamoja naye, zikiwamo zilizo upande wako. Kwa hiyo usimmalize haraka mtu ambaye askari wake ndio wanaokulinda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Aidha, uaminifu ni lazima. Kanuni za mwanzo ziliruhusu kila mchezaji kuweka karata rehani na mshindi kuichukua moja kwa moja. Mtindo huo wa kamari uliachwa baadaye, na karata zilizoutegemea zimepigwa marufuku katika mashindano rasmi. Leo kinachochukuliwa mezani hurudishwa. Nawashauri wanaocheza na wenzao wa ng'ambo ya mpaka kila mtu avalishe karata zake mifuko ya plastiki ya rangi yake, na kabla ya kuagana kila mmoja ahesabu zake 100. Karata moja ikivuka mpaka kwa bahati mbaya, urafiki unaweza kuvunjika kwa jambo ambalo dakika tano za kuhesabu zingelizuia.

Mpwa wangu bado hashindi kila mara. Lakini sasa mwenye karata ya bei kubwa hufikiri mara mbili kabla ya kuishusha mezani, maana anajua inaweza kumrudia yeye mwenyewe. Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wataelewa: wengi wetu tulianza kwa kuuza mali ya mtu mwingine, tukaishi kwa faida, na mali tukairudisha kwa mwenyewe ikiwa salama.